Treni Hupishana Stesheni

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatukupanga ratiba ya vipindi, tulipangiwa. Semista ikifunguliwa, karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa CoET, chuo chetu cha uhandisi na teknolojia, na watu wakasukumana mbele yake, kalamu mkononi. Siku tano upande mmoja, saa upande wa pili, na ndani ya kila mraba herufi mbili na tarakimu tatu. MT 161 zilikuwa hesabu za matriki na kalkulasi. DS ilikuwa masomo ya maendeleo, na hiyo haikumwacha mtu, awe wa uhandisi au wa sanaa. Kozi mbili zikigongana saa moja, kazi ya kwenda kubembeleza ilikuwa ya CR, kiongozi wa darasa. CR mzuri tulimjua kwa ulimi wake mbele ya watu wa ratiba, si kwa alama zake.

Baadaye nilisoma habari za vyuo vya Marekani, ambako kijana huketi na orodha akachagua kipindi cha asubuhi au cha jioni, mwalimu huyu au yule. Kwetu uhuru wa kuchagua ulianza kuonekana mwaka wa tatu, nao ulikuwa wa kozi chache za hiari. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa uhandisi wa enzi zetu (mimi niliingia 2005) akisema alikuwa “anapanga kozi”, ujue hakuwa anapanga wiki. Alikuwa anapanga miaka minne. Na sisi wa Tanga kazi hiyo tuliifanyia Ngamiani.

Asiyeijua Ngamiani, ni mitaa ya namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hivyo hivyo mpaka ishirini na kitu, zimenyooka ng'ambo ya reli ukitokea upande wa bandari na maofisi. Nyumba zina baraza mbele, na kila baraza ina watu wake. Yetu ilikuwa Barabara ya Tisa. Likizo ndefu ikiingia, vijana waliotawanyika Mlimani, Muhimbili, Mzumbe na Sokoine hurudi nyumbani, na baada ya sala ya Isha wote wako hapo. Muuza kahawa anapita akigongesha vikombe, kashata zinatoka, mpira wa Coastal Union na African Sports unajadiliwa mpaka watu wanakaribia kushikana mashati. Yakiisha hayo ndipo prospektasi ya chuo inapofunguliwa. Ilikuwa moja kwa baraza nzima, jalada limeshang'oka, na kurasa za uhandisi zimechafuka kwa alama za vidole kuliko nyingine zote.

Wakubwa ndio waliokuwa wakitufundisha kuisoma, maana waliotangulia ndio walioumia. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kosiweki ina alama 40, mtihani wa mwisho, tuliouita UE, una 60. Ukipata 40 kati ya mia umepita, umepata C. Ukikosa, una sapu, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa, na sapu hata ukiifanya kama malaika hupati zaidi ya C. Ukiikosa na sapu, kozi inakuwa kariova: unaibeba mpaka itakapofundishwa tena. Hapo ndipo wengi walipokuwa hawaoni mbali. Kozi nyingi za uhandisi zilifundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiangusha ya semista ya kwanza mwaka wa pili, huirudii semista inayofuata. Unangoja mwaka mzima, na ukiikuta tena imekaa saa ileile na kozi ya mwaka wa tatu, na pengine hiyo ya mwaka wa tatu imejengwa juu ya ile uliyoiangusha. Huku GPA inakutazama, kwa sababu ikishuka sana neno ni moja tu: disko, kufukuzwa chuo. Kuna watu wazima leo, wana wajukuu, ukiwatamkia “disko” hawakumbuki muziki.

Haya yote yalizungumzwa mbele ya mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nane la mkoloni. Yeye alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini enzi za Reli ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, akaendelea na shirika letu la TRC, akawa stesheni masta kwenye vituo kadhaa vya njia ya Tanga mpaka alipostaafu. Wakati mimi naingia chuo, treni ya abiria ilikuwa haiji tena Tanga kwa miaka mingi, na mzee yeye na reli yake walikuwa wamestaafu pamoja. Kazi yake jioni ilikuwa kukaa pembeni ya baraza na kikombe chake, akisikiliza.

Alikuwa na dharau kidogo na uhandisi wetu, ila dharau ya kupenda. Alikuwa akisema vijana wa siku hizi wamelegea: kabla ya 1973, Kitivo cha Uhandisi hakijafunguliwa Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa, sheria Dar, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Kijana wa Tanga alipanda treni hapa, akabadilisha Kahe, akatokea Voi. “Nyinyi Ubungo tu mnalalamika,” alituambia. Ubungo yenyewe, kituo cha mabasi cha Dar es Salaam enzi hizo, ilikuwa zaidi ya kilomita mia tatu, basi la alfajiri, Segera, Chalinze, jua la utosi ndipo unashuka; lakini hatukubishana naye.

Usiku mmoja, likizo yangu ya kwanza, tulikuwa tunabishana juu ya jirani yetu wa uhandisi wa kemikali aliyekuwa na kariova. Wengine wanasema asome kozi zote mbili zinazogongana, leo aingie hii kesho ile, anayokosa adese kwa wenzake. Wengine wanasema aiache moja mpaka mwaka wa nne. Mjomba akatua kikombe.

“Mjomba,” akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, “nipe karatasi. Kubwa.”

Nikamletea karatasi ya kuchorea, ile iliyobaki kwenye somo la michoro. Akaomba rula. Ubavuni akaandika kutoka chini kwenda juu: Tanga, Pongwe, Muheza, Mnyusi, Korogwe, Mombo. Kila jina akalipigia mstari wa kulala. Juu akaandika saa. Kisha akachora mstari wa mshazari unaopanda, akasema hii ni treni inayotoka Tanga. Akachora mwingine unaoshuka, hii inakuja kutoka Moshi. Mistari ikakatana.

“Zimekutana wapi?”

Tukatazama. Zimekatana kati ya Muheza na Mnyusi.

“Basi hii si ratiba, hii ni ajali. Reli ni moja. Treni hupishana stesheni, penye njia ya pili ya kungojea. Kwa hiyo unaisogeza hii,” akafuta kwa mpira, akauchora upya ule unaoshuka, “mpaka mistari ikatane juu ya jina la stesheni. Mmoja akae Mnyusi, mwenzake apite. Treni kuchelewa si kitu, mjomba, zote huchelewa. Balaa ni ichelewe halafu isiwe na pa kungojea.”

Akageuza karatasi upande wa pili. “Sasa nitajie masomo yako.”

Ile karatasi ninaikumbuka mpaka rangi ya kalamu. Juu, mahali pa saa, tuliweka semista nane. Ubavuni tukaweka ukoo wa kozi: hesabu, mekanika, umeme, michoro, kompyuta, na chini kabisa PT, mafunzo ya vitendo kazini. Kila kozi ikawa duara dogo, na kozi inayotegemea nyingine ikaunganishwa nayo kwa mstari. Mimi nasoma prospektasi kwa taa, yeye anachora, na kila duara likishakaa anauliza swali lilelile: “Hili lisipopita, linangoja wapi?” Hesabu za mwaka wa kwanza zilikuwa na pa kungoja. DS ilikuwa na pa kungoja popote. Tulipofika semista ya tano tukakwama. Palikuwa na kozi moja ambayo ya semista ya sita iliiegemea, na baada yake PT ya tatu, kisha projekti ya mwaka wa mwisho. Mjomba akaizungushia kalamu nyekundu mara mbili. “Hapa hakuna stesheni. Hapa usichelewe.”

Wakubwa wa chuo, wenye GPA zao nzuri, walikuwa wameisoma prospektasi ile miaka yote na hawajaliona hilo. Walikuwa wakiisoma kutoka mwanzo kwenda mwisho, semista kwa semista, kama ilivyochapishwa. Mtu wa reli aliangalia kwanza mahali pa kukwama.

Tena hakuishia kwenye kozi. Akataka kujua likizo inaanza lini, PT ni wiki ngapi (nane), na sapu ni mwezi gani. Akauliza bumu, zile pesa zetu za kujikimu, linatoka lini, na nilipomwambia linatoka likipenda, akachora mkia wa mshazari baada ya kila tarehe ya kufungua chuo, kwamba hapa usinunue kitu. Halafu akaweka Ramadhani. Hilo hakuna msomi hata mmoja barazani aliyelifikiria. Mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. 2005 ulikuwa umeangukia Oktoba, na kwa hesabu yake ya vidole 2007 ungeanza katikati ya Septemba, na 2008 mwanzoni mwa Septemba. Maana yake mwenye sapu miaka hiyo aifanye na funga. “Kwa hiyo mwaka wa pili na wa tatu,” akamwambia yule wa kemikali, “sapu usiifikirie kabisa.” Watu wakacheka, yeye hakucheka.

PT ilinipa nafasi ya kuyaona maneno yake kwenye chuma. Utaratibu wa chuo ulikuwa mzuri, nausifu mpaka leo: PT ya kwanza ufanye kazi za fundi mchundo, ya pili za fundi sanifu, ya tatu za mhandisi. Ya pili niliifanya Hale, kwenye kituo cha umeme cha Mto Pangani. Kituo kidogo, megawati 21, mashine mbili. Chini kidogo ya mto kuna kile kipya cha Pangani cha megawati 68, kilichoanza 1995, nacho kina mbili. Mashine mbili si anasa. Moja ikifunguliwa kwa matengenezo, nyingine inazunguka, na hufungui wakati maji yamejaa mtoni, unangoja yapungue. Fundi mmoja wa zamu alinieleza jinsi wanavyopanga mwaka wa matengenezo, nikamwambia nimeshafundishwa, akauliza na profesa gani.

Semista ya tano ilipofika niliichukulia kama kalamu nyekundu ilivyosema. Tuisheni niliyokuwa nikifundisha vidato vya chini pale Mabibo niliiacha, ingawa ndiyo iliyokuwa ikininunulia chipsi. Jioni nilikuwa kimbwetani, kwenye benchi za kusomea za nje, na madesa ya miaka iliyopita, mbu wa Mlimani wanajua. Kozi za hiari za mwaka wa nne nilizisogeza nyingi semista ya saba ili ya nane ibaki na projekti. Kusajili kwenyewe kulikuwa kwa kompyuta, kwenye mfumo wa ARIS, foleni ndefu na mashine zinakwama. Wenzangu walikuwa wakichagua wakiwa wamesimama, wanaulizana kozi gani “haina maneno”. Mimi nilikuwa na orodha mfukoni iliyoandikwa Barabara ya Tisa.

Karatasi ile ilikuwa na kasoro zake. Mjomba alihesabu kila kozi sawa na nyingine, na hakuna aliyewahi kuingia kwenye hesabu za matriki na za takwimu akaona ziko sawa. Hakujua vilevile kwamba mwalimu akisafiri, kozi ya hiari inaweza isifundishwe mwaka huo, hata kama kitabuni imeandikwa. Hayo tuliyaongeza sisi, kwa penseli.

Nilimaliza 2009. Karatasi ilikuwa imenakiliwa na kunakiliwa tena, ina matoleo ya ujenzi, ya mitambo, ya kemikali. Mwaka ule akaja binti wa Barabara ya Kumi na Moja, uhandisi wa ujenzi, amemaliza mwaka wa pili. Alikuwa ameposwa. Shangazi zake wanataka harusi ifanyike Februari, katikati ya semista, na yeye hakuwa na neno na mchumba wala na harusi, neno lake lilikuwa masomo. Akamwamkia mjomba shikamoo, akakaa kwenye ngazi ya baraza na kitenge chake begani, akamwonyesha nakala yake.

Mjomba aliitazama muda mrefu. Akamuuliza chuo kinaruhusu kuahirisha mwaka? Kinaruhusu, kwa barua na sababu. Akauliza akiahirisha, kozi za mwaka wa tatu zitamkuta zilezile? Tukafungua prospektasi. Mistari ya karatasi ikafika ukingoni ikiwa bado haijaisha, kwa sababu tulichora semista nane tu. Mzee akaagiza karatasi nyingine, akaibandika kwa gundi pembeni, akachora semista ya tisa na ya kumi, na kwenye mwaka uliobaki wazi akaandika kwa herufi kubwa: HARUSI, MTOTO INSHALLAH.

Kisha akavaa kofia yake, akaenda mwenyewe Barabara ya Kumi na Moja kuzungumza na shangazi. Harusi ilifanyika likizo.