Huruma na Mizani

Neno rubani ni la kale katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya ndege kujulikana, rubani alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa miamba, mafungu na mikondo, ambaye alikabidhiwa jahazi na roho zilizokuwamo ili azifikishe salama bandarini. Zama za eropleni zilipokuja, neno lilipanda angani pamoja na kazi yake, na maana yake haikupungua. Rubani ni mtu aliyepewa amana. Aghalabu amana hiyo ni watu au mali. Lakini katika nchi ya Marekani wako marubani wa ndege ndogo ambao amana yao ni mbwa waliookolewa katika kifo.

Sababu ya safari hizo ni hii. Katika majimbo mengi ya kusini ya nchi ile, nyumba za kuhifadhia wanyama waliopotea au kutupwa hujaa kupita kiasi, kwa kuwa mbwa wengi hawahasiwi na huzaana bila ya kizuizi. Nafasi ikikosekana, mnyama mzima, asiye na ugonjwa wala ukali, huweza kuuawa kwa sindano. Kaskazini, ambako mbwa wa namna hiyo ni wachache, wako watu wanaongojea kupata mmoja wa kumfuga. Kati ya kifo cha upande mmoja na makao ya upande wa pili pana mamia ya maili. Mwaka 2008 Debi Boies, mkazi wa South Carolina, alihitaji mbwa aletwe kutoka Florida. Jon Wehrenberg, rubani wa Tennessee, akajitolea kumchukua kwa ndege yake. Kutokana na safari ile wawili hao walianzisha chama kiitwacho Pilots N Paws, ambacho kazi yake ni kuwakutanisha waokoaji wa wanyama na marubani walio tayari kujitolea. Sheria ya Marekani haimruhusu mwenye leseni ya urubani wa binafsi kuchukua abiria au mizigo kwa ujira. Kwa hiyo marubani hao hununua petroli kwa fedha zao wenyewe. Safari ya maili 500, ambayo kwa gari huchukua siku nzima, kwa ndege ndogo huchukua saa nne hivi.

Asikiaye habari hii huweza kudhani kwamba jambo kubwa ndani yake ni wema. Wema ni mwanzo tu. Mbwa hakuomba safari. Haelewi mngurumo wa injini, wala hawezi kusema kwamba masikio yanamwuma au pumzi inampungukia. Abiria binadamu akikosewa hulalamika. Mbwa hana lugha ila macho na tabia yake. Basi amchukuaye amejitwika wajibu wa kufikiri kwa niaba yake. Huruma isiyoongozwa na maarifa yaweza kumtoa mnyama katika hatari moja na kumtia katika nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kazi ya huruma hii huanza kwa mizani. Mfano mwema ni Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo hutumiwa sana na marubani wa binafsi. Toleo lake la 172S haliruhusiwi kuruka likiwa na uzito uliozidi ratili 2,550. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe, hubaki kiasi cha ratili 900 au pungufu kwa kila kitu kingine. Petroli ya galoni 53, kwa ratili 6 kila galoni, ni ratili 318. Rubani na msaidizi wake, wakiwa na ratili 180 kila mmoja, huchukua 360. Zilizobaki ni kama ratili 220 kwa mbwa, vizimba, maji na kamba. Mbwa watatu wenye ratili 70 kila mmoja hufikia 210 kabla kizimba hata kimoja hakijapimwa.

Hapo ndipo moyo na hesabu hugombana. Mtu aliyeletewa mbwa wanne, na wote wanne wakamtazama, hushawishika kusema kwamba mmoja zaidi si kitu. Mizani haina macho, na kwa sababu hiyo ni ya kuaminika. Rubani mwenye busara huchagua moja katika mambo mawili: hupunguza petroli na kupanga kituo cha kuongeza njiani, au humwacha mbwa mmoja angoje ndege nyingine. Kumwacha huonekana kuwa ni ukatili, walakini ni kuwalinda wale watatu.

Uzito nao una mahali pake. Ndege iliyopakiwa kwa kiasi kilichoruhusiwa yaweza bado kuwa ya hatari kama mzigo umeelemea upande wa mkia. Pua huinuka, mwendo hupungua, na mabawa huweza kushindwa kuichukua. Mbwa mkubwa aliye huru huhamisha uzito kila ahamapo. Akirukia mbele, huweza kuuegemea usukani au kujipenyeza miguuni pa rubani, penye pedali. Kwa hiyo kizimba kigumu, kilichokazwa kwa mikanda kwenye vishikizo vya sakafu, ndicho kimbilio bora. Kizimba kisipoenea, mbwa hufungwa kwa mkanda wa kifuani, wala si kwa kola ya shingoni. Maana ndege ikitikiswa na upepo kola yaweza kumnyonga. Mbwa wasiojuana hutengwa, kwa kuwa aliye mpole ardhini huweza kung'ata akiingiwa na hofu angani.

Baada ya uzito huja hewa. Ndege kubwa za abiria hushindiliwa hewa ndani yake. Ndege ndogo nyingi hazina kifaa hicho. Katika urefu wa futi 10,000 mgandamizo wa hewa ni kama sehemu saba tu katika kumi za ule wa usawa wa bahari. Sheria ya Marekani humtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 12,500. Rubani huvaa barakoa yake, mbwa hana. Basi njia ya insafu ni kuruka chini zaidi, hata kama juu pana upepo mwema wa kuharakisha safari. Mbwa wenye pua fupi, kama bulldog na pug, hupumua kwa taabu hata wakiwa ardhini, na hao huhitaji uangalifu kupita wengine. Ufizi uliogeuka rangi kuwa wa samawati ni dalili ya kukosa hewa, na dawa yake ni kushuka mara moja. Kupanda na kushuka kwenyewe hufanywa taratibu, ili masikio yapate muda wa kuizoea hali mpya.

Wako wanaodhani kwamba njia rahisi ni kumpa mbwa dawa ya kumlaza. Madaktari wa wanyama kwa kawaida hushauri kinyume. Dawa hizo huweza kushusha nguvu ya mwendo wa damu, kuharibu uwezo wa mwili kutunza joto lake, na kumnyima mnyama uwezo wa kujishikilia ndege inapoyumba. Aliyelala kwa dawa huonekana ametulia, kumbe utulivu wake huficha dalili ambazo rubani alipaswa kuziona. Afadhali mbwa atembezwe kabla ya safari, anyweshwe maji, asilishwe shibe, kisha awekewe blanketi lenye harufu anayoifahamu.

Hatari nyingine ziko ardhini, mahali ambapo watu hujiona wamekwisha salimika. Rafadha, yaani panga zizungukazo mbele ya injini, zikienda kasi hazionekani vema kwa macho ya mtu, seuze ya mbwa. Injini huzimwa kabisa, na panga zikasimama, kabla mlango haujafunguliwa kwa kumpakia au kumshusha mnyama. Na mbwa hushikwa kwa kamba imara wakati wote. Vile vile ndege iliyosimama juani hugeuka tanuri kwa muda mfupi, naye mbwa hujipoza hasa kwa kuhema. Kumwacha humo wakati watu wanapopigana picha ni kosa lisilo na udhuru.

Juu ya yote iko hali ya anga. Watu wanaongojea upande wa pili, siku imekwisha pangwa, na nafasi ya mbwa yule katika nyumba ya wanyama imekwisha tolewa kwa mwingine. Mambo hayo yote humsukuma rubani aruke, na mawingu hayajui lolote katika hayo. Mwezi wa Novemba 2024 rubani mmoja aliyekuwa akipeleka mbwa watatu kutoka Maryland kwenda Albany alianguka na ndege yake katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Yeye na mbwa mmoja walikufa, wawili walinusurika. Habari hiyo haitajwi kwa kumhukumu marehemu, ambaye alitoa alichokuwa nacho kwa viumbe visivyoweza kumlipa. Hutajwa kwa sababu huonyesha bei ya kazi yenyewe.

Yuko atakayeuliza kama inafaa mtu kuchoma petroli na kuhatarisha roho yake kwa ajili ya mbwa, hali watoto wa watu wana njaa. Swali hilo si la upuuzi. Ni kweli pia kwamba ndege elfu haziwezi kuwamaliza mbwa waliotupwa. Kuwahasi mahali wanapozaliana ndilo jawabu la kudumu. Lakini huruma si maji ya mtungi, hata ikimiminwa huku ipungue kule. Miongoni mwa Waislamu hujulikana sana habari ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Na mtu huyo hakuulizwa kwanza kama amekwisha maliza kiu ya wanadamu wote. Tena aliteremka kisimani akapanda tena, kiatu amekiuma kwa meno. Hata wema ule mdogo ulikuwa na ufundi wake, na maji yangalimwagika lau asingaliutumia.

Ndivyo ilivyo kwa rubani. Mapenzi yake kwa mnyama huonekana katika karatasi ya uzito aliyoijaza bila ya kudanganya, katika mkanda alioukaza mara ya pili, na zaidi katika siku ile aliyotazama mawingu, akapiga simu, akasema hataruka. Mbwa aliyesubiri siku moja zaidi hatajua kwamba alipendwa siku hiyo kuliko nyingine zote.