Karafuu Zikiwa Bado Mtini

Wete, Pemba

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema yupo mtu anayetaka kununua karafuu za shamba alilokuachia marehemu mama yako, zingali mtini, na unaniuliza thamani yake hasa ni kiasi gani.

Nimeona umepiga hesabu ya jasho: palizi, ujira wa wachumaji, majamvi ya kuanikia, na kwamba kilo tatu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja. Hesabu hiyo usiiache, maana asiyejua gharama zake hula hasara akidhani kapata. Lakini haikupi bei. Mnunuzi hakulipi kwa sababu umechoka. Hulipa kwa kadiri anavyoihitaji karafuu na kwa kadiri anavyokosa pa kuipata kwingine.

Sisi tumeyaona hayo kwa macho. Pilau na chai zetu hazimalizi karafuu za dunia. Sehemu kubwa huteketea Indonesia, ndani ya sigara za kretek. Kwa miaka mingi Waindonesia walinunua kwetu, na visiwa hivi vikaneemeka. Kisha wakapanda mikarafuu yao kwa wingi. Mkarafuu hukawia miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, kwa hiyo waliotaka kuona waliweza kuona linalokuja. Miti ile ilipoanza kuzaa, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Karafuu ya Pemba haikupungua harufu wala mafuta, na mchumaji alipanda tawi lile lile kwa hatari ile ile. Aliyebadilika ni mnunuzi: hakutuhitaji tena. Kinyume chake ni tufani ya mwaka 1872. Iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na mwenye shamba huku akajikuta ameshika kitu adimu bila kuongeza jembe hata moja.

Lipo na jambo jingine, na hili ndilo linalonitia wasiwasi juu yako: uwezo wa kusubiri. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu udhibiti wa biashara hii, na wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua. India ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Wao waliweza kukaa bila karafuu; Zanzibar haikuweza kukaa bila kuuza. Mwaka uliofuata Serikali ilikubali kupatana nao.

Sasa mtazame huyo mtu wako. Simwiti mwizi. Anabeba hatari ya mvua kunyesha karafuu zikiwa jamvini, na ya mti kuzaa kidogo kuliko ulivyoonesha. Hatari hiyo ina malipo yake. Ila bei aliyokutajia iko chini mno, na sababu yake haimo shambani. Amejua kwamba unadaiwa ada ya chuo na kwamba tarehe imekaribia. Anachokinunua kwa bei rahisi ni dhiki yako. Karafuu zile zile, zikikaushwa vizuri na kupelekwa kituo cha shirika la Serikali linalonunua karafuu, zitapimwa kwa bei iliyotangazwa kwa kila muuzaji, na hapo hakuna atakayekuuliza unadaiwa nini.

Wala usisikilize wanaokushauri uikate mikarafuu upande kitu kingine kwa sababu msimu uliopita ulikuwa mbaya. Bei hugeuka kwa mwaka mmoja. Mti ukiukata, miaka ile ya kungoja huanza upya.

Basi usisaini kitu, wala usipokee hata arubuni. Niandikie ada ni kiasi gani na mwisho wake lini, nami nitazungumza na wajomba zako tuichange. Utaturudishia karafuu zikishauzwa.

Wasalaam,
Mjomba wako