Siku Sita Ziwani: Likizo ya Homa Bay na Migori Bila Matanga

Binti yangu anasoma Kifaransa katika shule ya upili. Jioni moja mwezi wa Julai aliniletea kitabu chake akanionyesha picha ya familia ya Paris ikipakia mizigo juu ya gari, baba, mama, watoto na mbwa, tayari kwa safari ya baharini. Maelezo yalisema kwamba ifikapo Agosti Wafaransa wengi hufunga nyumba zao wakaenda pwani, huyu Nice, yule Biarritz.

“Na sisi, baba,” akauliza, “pwani yetu ni ipi?”

Nilitaka kusema Mombasa, ingawa nilijua fika kwamba hoteli za Mombasa kwa familia ya watu watano zingenitoa jasho hadi Krismasi. Kabla sijafungua kinywa, kitindamimba wangu mwenye umri wa miaka saba alidakia: “Kwetu ni Homa Bay. Lakini hatuendi mpaka mtu afe.”

Msomaji mpendwa, kauli hiyo ilinichoma. Watoto wangu walikuwa wamefika nyumbani kwa nyanya yao mara nne, na mara zote nne tulikwenda kuzika. Walichokijua ni basi la usiku, hema, vipaza sauti, foleni ya chakula, kisha basi tena. Ziwa lenyewe walikuwa wameliona dirishani tu, kama picha ya kalenda.

Nilimpigia mama simu nikamwambia tunakuja kwa wiki nzima mwezi wa Agosti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Nani amefariki?”

Boma letu liko karibu na Rodi Kopany, pale njia zinapogawanyika, moja ikiteremka Homa Bay mjini, nyingine ikielekea Rongo na Migori, na ya tatu ikishika Ndhiwa hadi ziwani Karungu. Kwa mtu anayetaka kuzuru kaunti hizi mbili bila kulipia hoteli kila usiku, hakuna mahali bora. Wasio na nyanya huko wasife moyo, kwani Homa Bay na Mbita zina nyumba za wageni za kila bei, na Migori mjini vilevile.

Siku ya kwanza tulipanda Got Asego, kilima chenye umbo la pia iliyopinduliwa ambacho kinauangalia mji wa Homa Bay. Anzeni alfajiri, kwa maana jua la huko halina huruma. Ukiwa juu unaiona Ghuba ya Winam yote imelala chini yako, mashua zikiwa kama mbegu za tikiti juu ya sahani, na mabaka ya gugu maji yakielea yanakopelekwa na upepo. Kisha tuliteremka hadi ufuoni kula. Ngege wa kukaanga, ugali na sukumawiki, kila mtu na samaki wake mzima. Kifungua mimba wangu, ambaye Nairobi hula samaki kwa kulazimishwa, alimaliza wake akaanza kumtazama wa mamake kwa jicho la husuda.

Hapa sharti niseme jambo ambalo vitabu vya utalii hulipitia haraka. Ziwa si bahari. Watoto walipoyaona maji walivua viatu mara moja, na mamangu, ambaye hapandishi sauti ovyo, aliwafokea. Katika maji ya kando, hasa penye matete, huishi konokono wabebao kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Kuna viboko na mamba pia. Ikiwa watoto lazima waogelee, tafuteni hoteli yenye kidimbwi. Na ikiwa walishaingia ziwani kabla hujawazuia, usingoje mkojo uwe na damu. Waone daktari wiki chache baadaye wapimwe. Dawa ipo na hutibu. Aidha, eneo hili lina malaria mwaka mzima, kwa hivyo neti ni mzigo wa kwanza kufungwa.

Siku ya pili tulikwenda Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la mviringo katika shimo la volkeno, hatua chache kutoka Ziwa Victoria, ila maji yake ni ya magadi na hayana samaki. Heroe huja kula humo, na siku hiyo walikuwa wengi kiasi cha kuupaka ukingo rangi ya waridi. Unaweza kulizunguka kwa miguu bila kuchoka.

Jina lake maana yake ni kijiji cha Simbi kilichozama. Mama alitusimulia kisa hicho tukiwa tumeketi ukingoni. Ajuza mmoja alifika kijijini usiku wakati wa sherehe, mvua ikinyesha, akaomba hifadhi. Wote walimfukuza isipokuwa mwanamke mmoja. Ajuza akamwambia mwanamke huyo achukue watu wake aondoke, na kabla ya kupambazuka mvua ilikizamisha kijiji kizima, ngoma na walevi wake. Alipomaliza alinyamaza, nami sikujua kama alikuwa akiwasimulia wajukuu au akinisimulia mimi.

Mbita ndiyo sehemu iliyotupatia mengi, na pia iliyonipa hofu kubwa. Barabara kutoka Homa Bay ni ya lami. Mbita na kisiwa cha Rusinga vimetenganishwa na mlango mwembamba wa maji ambao zamani ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo. Tuta hilo lilizuia maji kupita, na siku hizi kuna daraja, kwa hivyo unavuka hadi kisiwani kwa bodaboda ukitaka.

Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya. Watoto wa Nairobi humpita kila siku akiwa sanamu katika Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri wa mipango ya uchumi na hajafikisha miaka 39. Wangu hawakuwa wamewahi kuuliza sanamu ile ni ya nani. Huko Kasawanga, ndani ya jengo la kaburi lililoundwa kwa umbo la risasi, waliona picha na vitu vyake, wakaambiwa habari za vijana waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani kuanzia 1959. Binti yangu alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisiwa hichohicho ndicho Mary Leakey alikopata, mwaka wa 1948, fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Kitindamimba alitembea akiwa ameinamisha kichwa siku nzima, akitafuta fuvu lake.

Tuliporudi Mbita ilikuwa saa tisa alasiri, nasi tulikuwa tumepanga kulala Mfangano. Chombo kikubwa cha abiria kilikuwa kimeondoka. Kulikuwa na mashua ya injini, na nahodha alinichukua nauli ya watu watano akatuambia tupande upesi. Upepo ulikuwa umeanza, maji yenye mikunjo myeupe. Ndani niliwahesabu watu nikafika 30, juu ya magunia ya unga na kreti za soda, na majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa manane, yamefungwa kamba pembeni kama mapambo. Nikaomba majaketi matatu ya watoto. Nahodha akacheka, akasema ni mwendo mfupi tu na kwamba yeye amevuka tangu utotoni.

Mke wangu hakusema neno. Alimshika kitindamimba mkono akashuka, na sisi wengine tukamfuata. Nauli haikurudi, na abiria mmoja alitamka kwa sauti kwamba watu wa Nairobi wanaogopa maji ya birika. Niliona aibu, sikatai. Usiku huo tulilala katika nyumba ya wageni ambayo hatukuwa tumeipangia bajeti. Mashua ile ilifika salama, nilikuja kusikia, lakini ningefanya vivyo hivyo hata leo. Asubuhi ndiyo saa ya kuvuka, ziwa likiwa limetulia, na kwa chombo ambacho kila abiria ana jaketi mwilini.

Kesho yake ndivyo tulivyofanya, maji yakiwa kama kioo. Mfangano ni mlima uliosimama ziwani. Ni kisiwa cha Abasuba, watu ambao lugha yao imekuwa ikimezwa na Kijaluo kizazi baada ya kizazi, na wana makavazi yao madogo ya kuhifadhi historia hiyo. Mpate mwongozaji hapo awapeleke kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone, yenye michoro ya miviringo mekundu na meupe inayosemekana kuwa ya Watwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya wengine wote. Kupanda ni kwa jasho. Wazee wabaki chini kwenye kivuli, kama alivyofanya mama, akila ndizi na kupata habari za kisiwa kizima kwa saa mbili.

Hifadhi ya Ruma tuliipitia kwa nusu siku tu. Ni mbuga ya kilomita mraba 120 katika Bonde la Lambwe, na ndiyo makao pekee yaliyosalia nchini ya korongo, si ndege bali yule paa mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Hesabu ya wanyamapori ya 2021 ilipata 15 pekee. Hatukumwona hata mmoja. Tuliona twiga, taya, na mbung'o wengi. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, rangi hizo huwavutia wadudu hao, jambo ambalo shati langu la buluu lilithibitisha.

Ya mwisho ilikuwa Migori, tukishika ile njia ya Ndhiwa. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyotiwa na Unesco katika Turathi za Ulimwengu mwaka wa 2018, inahitaji subira kwa sababu ya barabara yake, lakini ole wake atakayerudi nyuma. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, unene kama mita moja, na hakuna udongo wala saruji iliyozishikanisha. Ni jiwe juu ya jiwe, kubwa na dogo, limepachikwa mahali pake tangu karne ya 16. Milango ni mifupi makusudi, hata adui aingie ameinama. Kanda hii ina ngome za aina hii zaidi ya 500, na hii ndiyo kubwa na iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote. Kitindamimba alitaka kubeba kijiwe kimoja. Mwongozaji alimwomba akirudishe palepale alipokitoa, naye akahangaika kupakumbuka.

Tulilala Sori, kwenye Ghuba ya Karungu. Baada ya chakula tulitoka nje, na watoto wakauliza ule ni mji gani ng'ambo ya maji. Haukuwa mji. Zilikuwa taa za wavuvi wa omena, mamia, zikiyumbayumba hadi upeo wa macho. Omena hufuata mwanga, ndiyo sababu mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hubaki nyumbani. Na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, kwa hivyo atakayekwenda likizo ya Aprili atakuta giza. Mama alituambia kwamba babangu, kabla ya kwenda kutafuta kazi Nairobi, alivua huko misimu miwili. Nina umri wa miaka 46 na sikuwahi kulisikia hilo, hata siku ya mazishi yake, ambapo waliotoa hotuba walikuwa 17.

Tulipanda basi la usiku Rodi Kopany, na mara hii hakuna aliyelia stejini. Desemba kuna tamasha la utamaduni Rusinga. Mama ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama tutafika kabla yake au baada yake, maana anataka kujua siku ya kununua samaki.