Kijerumani cha Viazi

Binti wa dada yangu anajiandaa kwenda Ujerumani kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Juzi alikuwa akiangalia cheti changu ukutani, akauliza: "Mjomba, hii DDR ni kampuni gani?" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. Nchi iliyonisomesha, Ujerumani Mashariki, imegeuka kampuni.

Nimefungua pasi yangu ya zamani: Septemba 1982. Huku nyumbani tulikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni. Nikashuka Leipzig, nikakuta foleni. Ugeni ukapungua papo hapo.

Tulipokelewa Taasisi ya Herder, iliyokuwa Mtaa wa Lumumba. Ndiyo, Lumumba, kama ule wetu wa pale Mnazi Mmoja. Hakuna aliyeuliza tunajua Kijerumani kiasi gani, maana hata kuomba maji hatukuweza. Ilikuwa kazi yao kutufundisha, bure na posho juu, ndipo tuingie vyuo vikuu.

Darasani nilipata sarufi. Kuongea nilijifunzia shambani na dukani. Kulikuwa na Jumamosi za kujitolea, na sisi tuliopitia JKT hatukuhitaji kuelezwa kujitolea kwa namna ile maana yake nini. Tulivuna viazi vya shamba la ushirika mpaka vidole vinakufa ganzi. Wazee wa pale waliongea kwa lafudhi ya Saksonia, inayolainisha kila herufi ngumu: k inakuwa g, t inakuwa d. Mwalimu wetu angesikia angezimia. Mwanzoni niliitikia tu, nikijikuta nimekubali kubeba magunia ya watu wengine.

Dukani ndiko nilikonyooka. Karibu na bweni palikuwa na duka la mboga la mama mmoja mnene, koti jeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa na mengi: kabichi, karoti, vitunguu, tufaha zenye makovu. Mkate mdogo ulikuwa pfenigi 5 mtaa mzima, lakini kahawa gramu 125 iliuzwa Marki 8.75, na watu waliilalamikia kwa sauti ya chini. Kwetu Kilimanjaro kahawa ni mti wa uani. Nilipomletea kifurushi cha kahawa alichonitumia mama yangu, alikinusa kwanza, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akachemsha maji nyuma ya magunia. Tukaketi. Akataka kujua nani kaichuma, kaianika wapi, mvua ilikuwaje mwaka ule. Kujibu yote yale kwa Kijerumani kulinitoa jasho kuliko mtihani wowote. Tangu siku hiyo, kila machungwa ya Cuba yalipoingia karibu na Krismasi, yale ya kijani yenye mbegu tele, mimi nilikuwa na mfuko wangu chini ya kaunta. Mtanzania wa miaka ile haambiwi maana ya chini ya kaunta.

Na moshi! Nyumba nyingi zilipashwa joto kwa matofali ya makaa ya kahawia. Harufu yake kali ya kiberiti iliingia kwenye sweta, kwenye mto, kwenye mkate. Theluji ilianguka nyeupe, jioni ikawa ya kijivu. Vijana wanaoiona Ulaya kwenye simu hawawezi kuamini.

Nikamaliza, nikarudi, nikaajiriwa. Ukuta wa Berlin ukaanguka, nchi ikafutwa Oktoba 1990, barua zikakatika. Nilipopita tena baadaye, hewa ilikuwa safi na duka halipo.

Siku hizi Kijerumani ni kiingilio. Mpwa wangu amelipia kozi, akalipia mtihani, akaanguka sehemu ya kusikiliza, akalipia tena, kabla hajaongea na Mjerumani yeyote zaidi ya mwalimu wake. Wanasikiliza rekodi! Kule Leipzig Mtaa wa Lumumba haujabadilishwa jina, na chuo cha matayarisho kingali humo, ila anayetaka kuingia sharti aje na Kijerumani chake mkononi.