Wageni wa Glencoe

Uingereza magari hushika kushoto kama kwetu, hivyo kutoka London hadi Glencoe, kule Uskoti, kilichotusumbua ni mvua tu. Tulipanga chumba kwa mama mmoja, malazi pamoja na chai ya asubuhi. Jioni tuliandaliwa haggis: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa na kuchanganywa na nafaka. Mke wangu, aliyevishuku vyakula vya huko tangu siku ya kwanza, aliomba aongezewe!

Kisha mama akatusimulia. Mwaka 1692 ukoo wa MacDonald uliwapokea askari wa serikali bondeni hapo, ukawalisha na kuwalaza kwa siku zipatazo 12. Alfajiri ya Februari 13 wageni hao waliwaua wenyeji wao wapatao 38. Wengine walikufa kwa baridi milimani.

Usiku huo hatukusema mengi. Asubuhi mke wangu alitandika kitanda, akaosha vyombo, ingawa tulikwisha kulipia vyote.