Tone la damu si hakimu

Ikiwa una mzee mwenye ugonjwa wa kisukari nyumbani, bila shaka unaifahamu ile mashine ndogo inayotoshea kiganjani. Kidole kinadungwa, tone la damu linagusishwa kijiti, na punde si punde nambari inatokea. Mama yangu anayo, na huiweka kabatini karibu na majani ya chai. Lakini je, wajua ilivyofika mikononi mwa wagonjwa?

Zamani mgonjwa alipima sukari kwenye mkojo. Kasoro ni kwamba mafigo huanza kuimwaga sukari pale tu kiwango chake katika damu kinapopita takriban 10, kwa kipimo kinachotumika hapa Kenya. Basi mkojo ulileta habari maji yakiwa yamekwisha kuzidi unga. Na sukari iliposhuka kupita kiasi, jambo linaloweza kuua, mkojo haukusema lolote.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa kijiti kilichoitwa Dextrostix. Damu iliwekwa juu yake kwa dakika moja, ikaoshwa kwa maji, na kijiti kikageuka rangi ya samawati. Sukari ilipokuwa nyingi, rangi ilikolea zaidi. Shida ikawa macho: rangi uionayo wewe mchana dirishani siyo niionayo mimi usiku kwa taa. Ndipo mhandisi Anton Clemens akaunda mashine iliyomulika kijiti na kupima mwanga uliorudi. Rangi ikikolea, mwanga unaorudi hupungua.

Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, bei yake ilikuwa mamia ya dola, na iliuziwa madaktari na hospitali pekee. Mgonjwa mwenyewe hakuruhusiwa kuinunua! Richard Bernstein, mhandisi Mmarekani aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari. Akajipima mara kadhaa kila siku, akaona chakula na insulini zinavyomfanya, akajirekebisha. Wakuu wa tiba walipopuuza maneno yake, aliingia chuo cha udaktari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, akahitimu. Alifariki mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90.

Siku hizi mashine nyingi za nyumbani hutumia umeme kidogo badala ya mwanga, ingawa katika maabara mwanga ungali unapima mengi yaliyomo katika damu na mkojo.

Nakueleza haya, msomaji, kwa sababu nimeona katika familia nyingi kifaa hiki kimegeuzwa askari. Nambari ikipanda, watoto wanamzunguka mzazi: "Umekula nini? Nani alikupa soda?" Mama alipochoshwa na mahojiano hayo alianza kujipima mlango ukiwa umefungwa, na daftari lake akalificha. Daktari naye akawa anapewa nambari nzuri tu. Hapo faida iko wapi? Bernstein hakupigania mashine ili ashtakiwe nayo. Aliitaka ili ajue la kufanya kabla ya jioni.

Kwa hivyo, mzee anapojipima, mwache awe mwenye nambari yake. Msaidie kwa mambo madogo: anawe mikono na kuikausha, maana utomvu wa embe kidoleni unaweza kupandisha kipimo, kopo la vijiti lifungwe vizuri, kwani unyevu huviharibu, tarehe ya mwisho ya matumizi iangaliwe. Nambari iandikwe, hata iwe mbaya, pamoja na saa na chakula kilicholiwa. Kisha daftari liende kliniki lilivyo. Vijiti si rahisi kwa bei, na kila kimoja kinachotupwa bila ya kutufunza jambo ni hasara.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tukumbuke pia kwamba mgonjwa huficha pale anapoogopa kuhukumiwa.