Mtori wa Mama, Uji wa Mtoto

Huku Ujerumani, chakula cha kwanza cha mtoto baada ya maziwa ni karoti, viazi na nyama. Hivyo ndivyo mkunga alivyotuelekeza mtoto wetu alipokaribia miezi sita: mboga gramu 100 hivi, kiazi kidogo, nyama gramu 20 hadi 30, kijiko cha mafuta na maji kidogo ya chungwa, vyote visagwe viwe rojo. Nafaka na maziwa hufuata mwezi mmoja hivi baadaye, kama mlo wa jioni. Nilipompigia mama simu Moshi kumsimulia, alishtuka: "Mwanangu, mtoto hajaonja hata uji, mnampa nyama?"

Mshtuko wake nauelewa. Kwetu uji ndio mlango wa chakula, nami nimekuzwa kwa uji. Ila katika jambo hili Wajerumani wana hoja nzito, nayo ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma inayoelekea kwisha afikapo miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Kuanzia hapo lazima kitoke kwenye sahani. Chuma cha nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha nafaka na kunde huzuiliwa na viini vilivyomo humohumo kwenye punje.

Sasa tazama unga wetu wa lishe. Tunachanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano, tunatia soya na karanga, tunasaga, kisha tunaridhika kwamba mtoto amepata kila kitu. Nafaka tano bado ni kundi moja la chakula. Shirika la Afya Duniani linahesabu makundi manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, na linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau matano kwa siku. Unga wetu, hata ungejazwa nafaka kumi, unatoa mawili. Tena mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu ikiwa havikukaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuna pia suala la maji. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo, na uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe hulijaza upesi bila kumpa nguvu ya kutosha. Dawa yake tunayo: kimea. Kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa hulainisha uji mzito bila kuuongezea maji, na watafiti wa Tanzania waliliandika hilo tangu miaka ya 1980. Bibi zetu waliotengeneza pombe ya ulezi walijua nguvu ya kimea kabla ya maabara yoyote.

Lakini linaloniuma hasa ni mtori. Uchagani mwanamke akijifungua hupikiwa mtori: ndizi na nyama, vikaiva hadi vikapondeka. Chukua mtori huo, ongeza mchicha au karoti, punguza chumvi, uponde vizuri. Ni kile kile alichonielekeza mkunga wa Kijerumani! Mama mzazi anapewa, kwa kuwa tunajua unajenga mwili. Mtoto akifika umri wa kula, tunamkorogea uji. Chakula bora cha kulikiza kimekuwa kikipita mbele yake, kinakwenda kwa mtu mwingine.

Sisemi huku kila kitu ni sawa. Madukani kuna rafu nzima za vichupa vya chakula cha watoto, na wapo watoto wasioonja jiko la nyumbani kwa miezi. Mama huku anaweza kunyonyesha mchana kutwa bila mtu wa kumshikia mtoto aoge; nyumbani kuna bibi, shangazi, jirani. Kinachomsaidia huku ni sheria: mkunga huja nyumbani kwa gharama ya bima, na wazazi wanaweza kugawana malipo ya kulea mtoto kwa hadi miezi 14. Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84, huku tukimtaka mama anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi sita. Na hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Mama ntilie na mkulima wanarudi kazini kwa kadiri njaa inavyowasukuma. Kumlaumu mama huyo ni uonevu.

Umaskini una sehemu yake katika udumavu wa watoto wetu, ila hauelezi yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, mkoa unaolima mahindi kwa wingi, walikuwa zaidi ya nusu. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Wakati huohuo dagaa wengi wa Ziwa Victoria wanasagwa kuwa chakula cha kuku.

Ndugu zangu tulio ughaibuni, tukienda likizo tunabeba makopo ya nafaka za watoto tukidhani tumepeleka maendeleo. Tuyaache. Tutume hela ya mayai, maini na dagaa, na tukipiga simu nyumbani tuulize mtoto amekula nini leo zaidi ya uji. Nawe uliye nyumbani na mtoto wa miezi sita, endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na kila siku umpondee kitu kutoka chungu cha familia: yai, maini, samaki aliyetolewa miiba au dagaa waliosagwa, pamoja na mboga. Uji nao mpe, uwe mzito.